Jumba la Poirot lipo kweli? Majengo halisi yaliyotumika katika tamthilia ya mpelelezi wa Kibelgiji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi naishi Reading, Uingereza, na dada yangu anakuja kunitembelea mwezi wa Agosti akitokea Nairobi. Sote wawili ni wapenzi wakubwa wa Poirot, ile tamthilia ya David Suchet, na tunabishana. Yeye anashikilia kwamba jumba analokaa Poirot ni la studio tu, mimi nasema lipo. Je, lipo, na tunaweza kuingia? Zile nyumba nyeupe zenye mapaa bapa zinazojitokeza kila mara, nazo ni za kweli? Na tukiwa na siku tatu au nne za kutembea, utushauri twende wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Katika ubishi wenu kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Jumba lipo, limesimama katikati ya London, na ndani yake wanaishi watu wa kawaida wanaotoka asubuhi kwenda kazini. Lakini sebule ya Poirot, ile ambayo kila kitu kimepangwa kulia sawasawa na kushoto, haikuwahi kuwa ndani ya jumba hilo. Sebule ilijengwa studio, maili kadhaa magharibi ya hapo. Nitaeleza yote mawili, kisha nizungumzie hizo nyumba nyeupe, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wenyewe. Kazi yangu ni kufundisha historia ya usanifu majengo, na sijui tamthilia nyingine yoyote ya upelelezi iliyoyapa majengo heshima kubwa kama hii.

Jina la kwenye tamthilia ni Whitehaven Mansions. Jina lake halisi ni Florin Court, na liko upande wa mashariki wa uwanja wa Charterhouse Square, eneo la Smithfield. Lilijengwa mwaka 1936 na kampuni ya msanifu Guy Morgan. Mkifika, simameni kwanza upande wa pili wa uwanja, penye miti, msiende moja kwa moja mlangoni. Kutoka hapo mtaona uso wa jengo ukiingia ndani kwa mkunjo katikati, kisha ukitokeza tena pembeni kwa mbawa mbili. Matofali yake yana rangi ya chai ya maziwa, na yalitengenezwa kwa ajili ya jengo hilo. Nyuma ya matofali kuna fremu ya chuma inayobeba uzito wote, ndiyo maana madirisha yamepata kuwa mapana namna ile. Ghorofa ya nane na ya tisa zimerudishwa nyuma kidogo, juu kabisa kuna bustani, na chini ya ardhi kuna bwawa la kuogelea. Gawanyeni jengo kwa macho, katikati, kutoka juu hadi chini, kisha mlinganishe nusu na nusu. Mtu asiyeweza kula kiamsha kinywa kama mayai mawili hayalingani ukubwa angekaa wapi pengine?

Kuna bahati moja ya kihistoria ambayo naamini ilisaidia sana. Florin Court lilikarabatiwa mwaka 1988, na sehemu ya kwanza ya tamthilia ilirushwa na kituo cha televisheni cha ITV tarehe 8 Januari 1989. Kwa hiyo wapiga picha walilikuta likiwa safi, halina masizi wala michirizi ya mvua, kama vile limekabidhiwa jana. Uwanja wenyewe nao una mageti na barabara ya mawe, na magari hayapiti ovyo. Ukitaka kurekodi London ya kabla ya vita, adui yako mkubwa ni barabara: mistari ya njano ya maegesho, taa za kuongozea magari, mabasi, alama za kila rangi. Pale Charterhouse Square mambo hayo ni machache, na machache yanafunikika. Leta gari moja la miaka ya 1930, mtu mwenye kofia na mwanamke mwenye kigari cha mtoto, na kazi imekwisha.

Kuingia, hapana. Ni makazi ya watu, na tangu mwaka 2003 jengo limeorodheshwa kama urithi unaolindwa kisheria. Pigeni picha mkiwa uwanjani, msibonyeze kengele za wenyewe. Kwa ninyi mnaotoka Reading, safari ni rahisi ajabu: pandeni treni ya Elizabeth line mpaka Farringdon, mtoke kwa mlango wa upande wa Barbican, mtembee dakika chache. Na hapo nisimulie jambo ambalo wapenzi wa mauaji ya kubuni wanapaswa kulijua. Reli hiyohiyo mtakayopanda ilipokuwa ikichimbwa mwaka 2013, mafundi walishusha shimo pembezoni mwa Charterhouse Square wakakutana na mifupa ya watu. Ilikuwa ya waliozikwa wakati wa tauni kubwa ya mwaka 1348, pale uwanja huo ulipogeuzwa makaburi ya dharura. Mpelelezi wetu alikaa miaka ishirini na tano mbele ya makaburi hayo, na mifupa ikaibuka mwaka uleule tamthilia ilipomalizika.

Sasa dada yako naye apewe haki yake. Sebule, ofisi ya Miss Lemon, karani wa Poirot, na ukumbi wa kuingilia vilijengwa studio za Twickenham, magharibi mwa London. Hakuna udanganyifu wowote katika hilo. Ndivyo kazi inavyofanyika. Fleti za Florin Court ni ndogo, zilikusudiwa watu wasio na familia waliofanya kazi mjini. Ukiingiza humo kamera, taa, mtu wa maikrofoni, mwongozaji, mtu wa nywele na waigizaji wanne, hakuna atakayeweza kugeuka. Studio ukuta mzima unaondolewa ili kamera irudi nyuma, kisha unarudishwa kabla ya picha inayofuata. Mwanga wa dirishani ni wa taa, kwa hiyo saa nne asubuhi inaweza kudumu kutwa nzima. Poirot anapotoka mlangoni mwake mnamwona akiwa Twickenham, na anapokanyaga barabara yuko Smithfield. Katika skrini, kati ya hatua hizo mbili hakuna hata sekunde moja.

Tuje kwenye nyumba nyeupe. Ni za kweli, karibu zote, na sababu ya kuonekana mara nyingi namna ile ni uamuzi mmoja uliofanywa mwanzoni kabisa. Agatha Christie aliandika habari za Poirot kwa zaidi ya nusu karne. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1920, na ile ya kifo chake ikachapishwa mwaka 1975. Katika vitabu, dunia inayomzunguka inabadilika: vita viwili vinapita, sketi zinafupishwa, vijana wanafuga nywele. Waandaaji wa tamthilia, wakiongozwa mwanzoni na Brian Eastman, waliisimamisha saa. Karibu visa vyote vikawekwa katikati ya miaka ya 1930, vikiwamo vilivyoandikwa miaka ya 1950 na 1960. Ukishaamua hivyo, kila kitu kinafuata: taipureta ya Miss Lemon, gari la rafiki yake Kapteni Hastings, kofia ya Inspekta Japp wa polisi, na majengo. Nikifuatilia maeneo yao naona kwamba kijiji alichokitaja mwandishi hakikuwashughulisha sana. Waliwinda majengo ya muongo ule, popote yalipo, wakayaingiza katika hadithi.

Na muongo ule ulikuwa wa kipekee. Zege na fremu za chuma zilikuwa zimewapa wasanifu uhuru ambao hawakuwahi kuwa nao: paa bapa la kuotea jua, dirisha linalozunguka kona, ngazi inayopanda ndani ya mnara wa vioo. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, wasanifu kadhaa wa Ujerumani walikimbilia Uingereza wakaleta ujuzi huo mikononi. Lakini nisiwaache na picha isiyo sahihi. Waingereza walio wengi wakati huo walikuwa wakinunua nyumba za matofali mekundu zilizounganishwa mbilimbili, zenye vigae na mbao za kuiga enzi za wafalme wa kale. Nyumba nyeupe zilikuwa chache, majirani waliziona za ajabu, na mara nyingi mvua ya Uingereza ilizitia madoa upesi. Tamthilia imekusanya hizo chache na kuziweka mbele yetu, mpaka tukadhani nchi nzima ilikuwa hivyo. Mimi nawashukuru kwa upendeleo huo.

Anzeni na lililo karibu nanyi, jengo la Hoover huko Perivale. Lilikamilika mwaka 1933 kwa michoro ya Wallis, Gilbert and Partners, na lilikuwa kiwanda cha mashine za kufyonza vumbi. Katika "The Dream", sehemu ya mwaka 1989, ndilo kiwanda cha Benedict Farley, yule tajiri wa mikate ya nyama anayemwita Poirot usiku kumsimulia ndoto ya kujiua. Kiwanda kilifungwa mwaka 1982. Mwaka 1992 Tesco wakafungua supamaketi upande wa nyuma, na miaka ya karibuni jengo la mbele likageuzwa fleti. Mkiwa Reading, shukeni Ealing Broadway, mchukue Central line, mbadilishe North Acton, mteremke Perivale. Simameni mbele ya lango kuu mtazame nakshi za rangi zinazopanda juu ya mlango, nyekundu na kijani na buluu juu ya weupe. Wafanyakazi wa zamu walipita chini ya nakshi hizo kila siku. Siku hizi viwanda ni mabati tu, na mtu wa zamu hapewi hata mlango wa kutazama.

Linalostahili safari ya siku nzima ni jumba la De La Warr Pavilion, mji wa Bexhill, pwani ya kusini. Erich Mendelsohn, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, alilichora pamoja na Serge Chermayeff, baada ya kushinda shindano lililovutia michoro zaidi ya 200. Lilifunguliwa tarehe 12 Desemba 1935. Riwaya ya mauaji ya ABC ilitoka Januari 1936, na katika riwaya hiyo muuaji anafuata alfabeti: A ni Andover, B ni Bexhill. Kwa hiyo sehemu ya "The ABC Murders", iliyorushwa Januari 1992, ilipokwenda Bexhill kwenyewe na kumweka Poirot katika jumba hilo, kwa mara moja kila kitu kililingana: mji ni uleule wa kitabuni, jengo ni la wakati uleule, bahari ni ileile. Mahali kama hapo katika tamthilia hii ni pachache mno. Mkiingia, nendeni moja kwa moja kwenye ngazi ya upande wa bahari. Inapanda kwa kuzunguka ndani ya nusu mviringo ya vioo, na katikati yake inashuka taa moja ndefu ya chuma king'aacho, kutoka dari ya juu hadi karibu na sakafu. Pandeni polepole mkishika reli. Kila hatua bahari inajifungua kidogo zaidi, na mtafahamu Mendelsohn alikuwa anatafuta nini. Kiingilio cha jumba ni bure, kuna mkahawa juu, na treni kutoka London Victoria huchukua takriban saa mbili.

Hoteli ya Midland, iliyoko Morecambe kaskazini-magharibi, ni ndugu wa jumba hilo. Ilifunguliwa mwaka 1933, imechorwa na Oliver Hill, imepinda kufuata ufukwe, na ina sanamu za Eric Gill. Ilitumika katika "Double Sin" ya mwaka 1990. Ilifungwa miaka kadhaa, ikafufuliwa mwaka 2008, na sasa mtu yeyote anaweza kuingia kunywa chai. Ni mbali kwenu. Iacheni mpaka safari nyingine.

Nimefika kwenye jengo ambalo dada yako lazima alisikie, kwa sababu lina undugu na mji wake. Huko Amersham, juu ya kilima, ipo nyumba nyeupe iitwayo High and Over. Mnaiona katika "The King of Clubs" ya mwaka 1989, kisa cha mtayarishaji filamu anayekutwa amekufa nyumbani kwake. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la herufi Y: mbawa tatu zinazokutana kwenye ukumbi wa pembe sita. Ilijengwa kati ya 1929 na 1931 kwa ajili ya Bernard Ashmole, profesa wa mambo ya kale, na ni miongoni mwa nyumba za kwanza kabisa za mtindo huo Uingereza. Msanifu wake alikuwa kijana kutoka New Zealand, Amyas Connell.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Connell aliondoka Uingereza akahamia Afrika Mashariki, kwanza Tanganyika, kisha Nairobi, na huko akafanya kazi kwa takriban miaka thelathini. Majengo ya Bunge la Kenya, yale yenye mnara wa saa, ni kazi yake pamoja na Thornley Dyer. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1958, nayo ni yake. Dada yako amepita mbele ya majengo hayo mara ngapi bila kujua kwamba mkono uliochora Bunge ndio uliochora nyumba ya yule mtayarishaji filamu? Akirudi, ayatazame upya. Amersham, Connell alikuwa na tatizo la jua kuwa haba, kwa hiyo alifungua kuta kwa vioo na kuweka vibaraza vya kuotea jua juu ya paa. Nairobi jua lilikuwa tele, akageuka: akaanza kutumia kingo za zege na kuta zenye matundu, ili upepo upite na ukali wa mchana ubaki nje. Mtu yuleyule, kanuni ileile ya kuuheshimu mwanga wa mahali. Katika kufundisha kwangu sijapata mfano bora zaidi wa kuonyesha mwanafunzi kwamba usanifu wa kisasa haukuwa mtindo wa kunakili tu. High and Over ni nyumba ya watu, haiingiliki, lakini Amersham hufikika kwa Metropolitan line kama mtapenda kuiona kwa mbali.

Mtaniuliza, je, Christie mwenyewe angekubali haya yote? Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba hadithi zake ni za vijiji na majumba ya kale, na kwamba tamthilia imezivisha zege kwa nguvu. Mimi siafikiani nao. Wakati wa vita, kuanzia mwaka 1941, Christie alihamia Lawn Road Flats, Hampstead, akaishi hapo mpaka baada ya vita. Ni jengo jeupe la zege lililokamilika mwaka 1934 kwa mchoro wa Wells Coates, na yeye mwenyewe aliliona kama meli kubwa ya abiria. Walter Gropius, mwanzilishi wa Bauhaus, shule mashuhuri ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, alikuwa mkazi wa hapo kabla yake. Arnold Deutsch pia, yule jasusi wa Umoja wa Kisovieti aliyemwingiza Mwingereza Kim Philby katika kazi ya ujasusi. Mwandishi wa riwaya za upelelezi alipanga katika jengo ambalo majasusi halisi walikuwa wamepanga! Siku hizi linaitwa Isokon, na katika gereji yake ya zamani kuna makumbusho madogo yasiyo na kiingilio, yanayofunguliwa mwisho wa wiki kuanzia Machi hadi Oktoba. Kituo ni Belsize Park. Agosti mtaikuta wazi, na kwa maoni yangu mahali hapa pana thamani kuliko ziara nyingi za basi zinazotangazwa kwa jina la Christie.

Majumba ya kale hata hivyo yapo, na moja lina mkasa unaonivutia. Poirot anaanzia na kuishia mahali pamoja, nyumba ya Styles: ndiko kisa chake cha kwanza cha Uingereza, na ndiko anakofia. Katika tamthilia, Styles ya mwaka 1990 ni Chavenage House, nyumba ya mawe ya enzi za Elizabeth wa Kwanza karibu na Tetbury. Lakini Styles ya sehemu ya mwisho, "Curtain", iliyorushwa tarehe 13 Novemba 2013, ni Shirburn Castle ya Oxfordshire, ngome ya karne ya 14 iliyozungukwa na maji. Nyumba hazifanani hata kidogo. Wengine waliona ni dosari. Mimi naona waandaaji walikuwa sahihi. Styles ya kwanza ina bustani na joto la kiangazi, na Hastings ni kijana. Ya mwisho ni baridi, rangi zimefifia, mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu na maji yamemzunguka pande zote. Kilichohitajika pale kilikuwa hali ya moyo wake, na Chavenage isingeweza kuibeba. Shirburn haifunguliwi kwa wageni. Chavenage hufunguliwa siku chache za wiki wakati wa kiangazi.

Za nje ya Uingereza nitazipitia haraka. "Death on the Nile" ya mwaka 2004 ilirekodiwa Misri, ndani ya meli ya mvuke iitwayo Sudan, ambayo mpaka leo inabeba watalii kati ya Luxor na Aswan. Iraki ya "Murder in Mesopotamia" ni Tunisia. Syria ya "Appointment with Death" ni Moroko. Ukilijua hilo, angalia milango na vigae vya nyuma ya waigizaji, utaona Maghreb, yaani Afrika Kaskazini, imejaa tele.

Sasa ratiba. Siku ya kwanza iwe ya London: asubuhi Charterhouse Square, na mkimaliza mwingie Charterhouse yenyewe, jumba lililokuwa nyumba ya watawa tangu mwaka 1371 na sasa lina makumbusho, mchana Isokon, kama ni Jumamosi au Jumapili, jioni mkirudi Reading mpitie Perivale. Siku ya pili ni Bexhill peke yake, msiichanganye na kitu. Siku mbili zilizobaki nawasihi mzipeleke Devon, nyumbani kwa Christie. Treni za Devon zinapita Reading, kwa hiyo hamna haja ya kwenda London kwanza.

Devon mwende Greenway, nyumba nyeupe juu ya mto Dart ambayo Christie na mumewe Max Mallowan waliinunua mwaka 1938 kwa mapumziko. Aliitumia nyumba hiyo, kwa jina jingine, katika "Dead Man's Folly", riwaya ya mwaka 1956. Msichana anayeuawa anakutwa kwenye banda la mashua, na banda hilo lipo pale mtoni. Tamthilia ikarekodiwa hapohapo Juni 2013. Ingawa "Curtain" ndiyo iliyorushwa mwisho, ilirekodiwa mapema zaidi, kwa sababu Suchet hakutaka siku zake za mwisho za kazi ziwe za kufa. Alitaka kumaliza akiwa Poirot mzima, anayetembea. Kwa hiyo kazi yote ya miaka 25 na sehemu 70 ilifikia tamati ndani ya bustani ya mwandishi. Ndani ya nyumba msiikose maktaba: maofisa wa kikosi cha walinzi wa pwani cha Marekani walikaa humo wakati wa vita, na mmoja wao alichora michoro ya vita kuzunguka kuta zote, chini kidogo ya dari. Christie alipoirudia nyumba akakataa ifutwe. Greenway sasa iko chini ya National Trust, shirika la kutunza majengo ya urithi. Nafasi za magari ni chache na huhitaji kuwekwa mapema. Afadhali mwende kwa boti kutoka Dartmouth, au kwa treni ya mvuke kutoka Paignton, mshuke kituo cha Greenway Halt na kupita msituni kwa miguu kama nusu saa.

Mkibakiwa na siku, kodini gari mpaka Bigbury-on-Sea, kwani treni haifiki. Mbele yenu kitakuwepo kisiwa cha Burgh na hoteli nyeupe ya mwaka 1929, ambamo Christie aliwahi kukaa na ambamo "Evil Under the Sun" ilirekodiwa. Maji yakipwa, mnavuka kwa miguu juu ya mchanga. Yakijaa, hoteli ina trekta lenye jukwaa refu juu ya magurudumu, linalopita katikati ya mawimbi na abiria wamekaa juu. Hoteli yenyewe ni ghali na hairuhusu kuingia bila kuweka nafasi, ila kisiwa kinazungukika, na kuna baa ya zamani iitwayo Pilchard Inn. Tazameni jedwali la kupwa na kujaa kabla hamjatoka Reading. Zipo siku maji hupwa alfajiri na jioni tu, na mchana wote njia ya mchanga iko chini ya maji.